Mtani wa Utando

Nyemo aliuloweka ukwaju, akaukamua kwa mkono, akauchuja, halafu akatia chumvi ya majivu. Hii si chumvi ya mezani. Ni ile ambayo bibi zake wa Kigogo waliipata kwa kuchoma matete ya bwawa la Bahi na kuchuja majivu yake, chumvi ya kijivu inayouma ulimi, ambayo sehemu kubwa yake ni potasiamu. Akatia, akaonja, akakunja uso, akaongeza. Sukari hakutia kabisa, kwa sababu hakuwa akimwandalia mtu kiburudisho.

Kisha akameza vidonge vya presha alivyomwomba jirani. Alivichagua kwa makusudi, maana ni vile vinavyozifanya figo ziing'ang'anie potasiamu badala ya kuitoa na mkojo. Nyemo alikuwa mwalimu wa baiolojia kwa miaka mingi, na katika ualimu wake wote hakuwahi kuandaa somo kwa uangalifu kama alivyojiandaa asubuhi hiyo.

Chakula hakugusa. Hilo halikuwamo katika mpango, ilikuwa mila tu. Huko Bahi, tangu zilipokuja Nyumba za Utando, mtani anayekwenda kumsafishia mtani wake damu hali kitu kwake. Huenda na njaa yake nzima, maana kazi ikiisha ana haki ya kula nyumbani kwa mgonjwa mpaka wenye nyumba wajute kumjua. Akikuta kuku, kuku ni wake. Akikuta mlenda, atausema mlenda huo mpaka jirani wasikie, kisha ataulamba wote. Nyemo alikuwa anakwenda kumuua mtu, na bado akaishika adabu ya kwenda na njaa. Wala hakulifikiria jambo hilo hata kidogo.

Akamimina ukwaju kwenye chupa, akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Njiani watu walimsalimia kwa heshima iliyomchefua. Mama mmoja aliyekuwa akianika zabibu uani aliacha kazi, akaja kumshika mikono yote miwili.

"Mama Seche, una moyo wewe. Mimi nisingeweza. Mtu aliyekufanyia vile, leo unampa damu yako?"

"Simpi damu, dada," Nyemo alimjibu. "Damu hazigusani."

"Hata kama. Mungu amekuona."

Nyemo akatabasamu, akapita. Alitumaini kwa dhati kwamba Mungu siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine.

*

Nyumba ya Utando ilikuwa jengo refu lenye ukumbi mmoja uliogawanywa kwa mapazia. Katika kila chumba cha pazia kulikuwa na viti viwili vya kuegemea vilivyotazamana, na katikati yake fremu ya kioo. Ndani ya fremu ndimo ulimooteshwa utando wenyewe, mwembamba, mweupe wenye wekundu kwa mbali, kama ngozi inayoganda juu ya maziwa yaliyopoa. Ulioteshwa kwa seli za watu wawili waliokusudiwa kuutumia, ili mwili wa yeyote kati yao usiukatae.

Zamani kulikuwa na mashine. Mashine zile zilitaka maji safi, mapipa na mapipa kwa mgonjwa mmoja, na maji safi ndiyo yaliyokuwa yamekwisha. Visima vyote vya bonde lile vilikuwa vimegeuka magadi na madini mengine mabaya zaidi, na figo za watu zikawa zinakufa kimyakimya. Ndipo wataalamu wakauliza swali la kipuuzi: kama hatuna maji safi ya kuweka upande wa pili wa utando, kwa nini tusiweke mtu msafi?

Swali likafanya kazi. Mgonjwa hukaa upande mmoja, mzima upande mwingine. Damu ya mmoja hushuka, ya mwenziwe hupanda, zikipishana bila kukutana, na katikati kuna utando wenye matundu madogo mno. Chembe za damu hazipiti, protini hazipiti. Urea hupita, chumvi hupita, potasiamu hupita. Hazisukumwi na mtu. Kitu kilicho kingi upande huu husambaa chenyewe kwenda upande ambako ni kichache, kama harufu ya kitunguu inavyotoka jikoni mpaka sebuleni bila kutumwa, na hicho ndicho wasomi hukiita difusheni. Uchafu wa mgonjwa huvuka, figo za mzima huuchukua na kuutoa, na kwa kuwa figo hizo hazichoki kutoa, upande wa mzima hubaki daima na kichache, na uchafu huendelea kuja.

Lakini ni nani akubali kuwa figo ya mwenziwe? Mwanzoni walikaa ndugu. Akina mama wakakaa na watoto wao bila kuinuka, wakakataa kufunguliwa, na wawili wakazikwa pamoja. Ndugu wakapigwa marufuku. Wakajaribiwa wageni, nao wageni wakaanza kujiuza, na masikini wakachujishwa mpaka wakauka. Mwishowe mzee mmoja wa baraza, kwa utani tu, akasema wapewe watani. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa kuwa waliona amesema kweli. Mtani hawezi kukukataa, maana ni mtani wako. Hawezi kukuuzia, maana kitu chake ni chako na chako ni chake. Na anakutukana tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo lilikuja kuonekana ni tiba: damu ikianza kwenda vibaya, ulimi huwa wa kwanza kuzembea. Kwa hiyo ikawa sheria ya ukumbi kwamba wawili walio kwenye utando lazima wazungumze. Wakinyamaza, mtaalamu huja mbio.

Mgogo hukaa na Mnyamwezi. Ndivyo Nyemo alivyopangiwa Mihayo.

*

"Umechelewa," alisema Mihayo alipomwona anaingia. "Nilijua tu. Mgogo akiitwa kwenye kazi hukumbuka ana ng'ombe anayezaa."

"Na wewe umewahi," Nyemo akajibu akikaa. "Mnyamwezi akisikia kuna mzigo wa kubeba hulala mlangoni."

Mihayo akacheka mpaka mabega yakatikisika. Alikuwa mzee mkubwa wa umbo, aliyekuwa mnene na sasa ngozi imebaki bila mwenyewe. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho, na pumzi yake ilinuka kama chuma chenye kutu, harufu ya mtu ambaye uchafu wake hauna pa kutokea. Figo zake zilikuwa zimeuawa na presha ya uzeeni. Hazikuuawa na maji. Nyemo hakulisahau hilo hata siku moja.

Kuruthumu, mtaalamu wa utando, mwanamke wa Kirangi mwenye mikono myepesi, aliwapima wote wawili kwa tone la damu kidoleni. Kipimo cha Nyemo kilikuwa kizuri, kwa sababu vidonge vilikuwa havijaanza kazi na ukwaju ulikuwa bado kwenye chupa. Cha Mihayo kilikuwa kibaya kama kawaida.

"Mzee, potasiamu yako iko juu sana. Umekula nini?"

"Ndizi moja tu, mwanangu."

"Moja?"

"Na ndugu zake."

Kuruthumu akatikisa kichwa, akawaunganisha mirija, akafungua vibano. Damu zikapanda na kushuka ndani ya kioo. "Ongeeni," akasema. "Mimi niko pazia la tatu." Akaondoka.

Nyemo akafungua chupa yake, akanywa funda la kwanza.

Hii haikuwa mara yao ya kwanza. Vikao vya nyuma Nyemo alivifanya kwa uaminifu, akamsafisha mzee huyu mpaka akatoka na miguu mipya, watu wakamsifu. Alitaka kuaminiwa. Alitaka pia kujifunza: kipimo chake kinaanzia wapi, kinashuka kwa mwendo gani, ganzi inamtoka miguuni saa ngapi. Alipojua yote hayo, mpango ukajipanga wenyewe, tena ulikuwa rahisi kiasi cha kumtia aibu kwamba hakuuona mapema.

Hakuhitaji kumwekea sumu. Sumu anayo tayari. Potasiamu iliyomjaa Mihayo ingemsimamisha moyo yenyewe kama isingepata pa kwenda, na mahali pake pekee pa kwenda palikuwa kwenye damu ya Nyemo. Kitu husambaa palipo na tofauti. Ondoa tofauti, nacho husimama. Kwa hiyo Nyemo angeipandisha potasiamu yake mwenyewe mpaka ilingane na ya Mihayo. Hapo wangekaa asubuhi nzima, damu zinapishana, watu wanataniana, na hakuna kinachovuka. Mzee angerudi nyumbani kama alivyokuja. Vikao viwili au vitatu vya namna hiyo, na moyo ungemsimama kitandani kwake, na kila mtu angesema ni zile ndizi.

Utando haukuwa na njia ya kumpa Mihayo kitu ambacho Nyemo mwenyewe hakuwa nacho. Ili amuue ilimbidi awe mgonjwa kama yeye, na alilijua hilo. Alichotegemea ni kwamba moyo wake ulikuwa na nguvu kuliko ule wa mzee.

"Unakunywa nini hicho?" Mihayo aliuliza. "Nigawie."

"Wewe umekatazwa maji."

"Mnaona? Zamani misafara ya babu zangu ikipita kwenu na mizigo kichwani, babu zako walikaa kwenye kisima, wakadai ushuru ndipo tunywe. Mpaka leo mnatunyima maji."

"Tulikosea," alisema Nyemo. "Tungewanyima kabisa. Mngeishia njiani, na mimi nisingekujua."

Mzee akacheka tena. Nyemo akanywa funda jingine.

*

Walikuwa wakicheka hivyohivyo kwenye mazishi ya Sechelela.

Sechelela alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa na sauti nzito kuliko mwili wake, alipenda kugombana na redio, na alikuwa akisomea upimaji wa ardhi. Aliishi mtaa uliopata maji kutoka mtambo wa Isanzala, na mhandisi mkuu wa mtambo huo alikuwa Mihayo. Maji yalipitishwa kwenye matandiko ya nyuzi laini, utando nao kwa namna yake, yakaacha madini upande mmoja na kutoka matamu upande mwingine. Matandiko yakachanika. Mihayo alijua. Kuzima mtambo kungeacha mabomba makavu katika kiangazi kibaya kuliko vyote, naye akaogopa watu, akaogopa wakubwa, akaacha maji yaende. Sechelela akanywa. Figo zake zikafa zote mbili, akawa anasubiri mtani wa kukaa naye, na kabla hajapatikana akafariki.

Msibani walikuja watani, kama ilivyo desturi. Wakalala kaburini kabla maiti haijashushwa, wakakataa kutoka, wakaiga kilio cha wafiwa, wakamwiga marehemu akigombana na redio. Aliyemwiga vizuri kuliko wote alikuwa mzee mmoja Mnyamwezi. Alikuwa amemjua huko mtamboni, binti alipokwenda kufanya mazoezi ya masomo yake. Aliiga sauti ile nzito sawasawa, na Nyemo, aliyekuwa hajala wala kulala, alicheka. Alicheka kwa nguvu, akamshukuru yule mzee, akamshika mkono.

Baadaye ndipo tume ya kuchunguza maji ya Isanzala ilipoketi, na mzee yuleyule akasimama mbele ya watu na kusema kwamba alijua matandiko yamechanika, na kwamba nyumbani kwake walikuwa wakinywa maji ya mvua. Tume ikasema alikuwa na njia mbili na zote mbaya, ikampumzisha kazi. Nyemo angeweza kuvumilia hata hiyo hukumu. Lakini kile kicheko alishindwa kukivumilia. Alikuwa amecheka juu ya kaburi la mwanawe, na aliyemchekesha ndiye aliyemuua. Alimchukia Mihayo kwa chuki safi, isiyo na wasiwasi wala mashaka, na alipoletewa jina lake na Nyumba ya Utando alikubali kabla mjumbe hajamaliza kusoma.

*

Chupa ilipofika nusu, midomo ya Nyemo ilianza kuwasha.

Alilitarajia hilo. Akatazama damu zikipishana kwenye kioo, akajisikia kuridhika. Miguu ikawa mizito. Hilo nalo alilitarajia, ila si mapema kiasi hicho. Akavuta pumzi, akatafuta tusi, likakawia kuja.

"Mtani," alisema Mihayo, "leo hunitukani vizuri."

"Nimekuonea huruma."

"Aka. Hiyo siyo yenu." Mzee akainua mguu wake, akaushusha. "Siku nyingine kufikia hapa ganzi imeshanitoka. Leo iko palepale. Hakuna kinachotoka kwangu."

Nyemo akaisogeza chupa chini ya khanga.

"Maisha yangu yote nimefanya kazi ya utando," alisema Mihayo, na sauti yake ilikuwa imeacha mzaha. "Kitu kikiacha kuvuka, kuna mambo mawili tu. Ama utando umeziba, ama pande zote mbili zimelingana. Utando huu haujaziba, nauona. Umeweka nini kwenye ukwaju huo unaonukia mpaka huku?"

Nyemo angeweza kukana. Akaona hana haja.

"Majivu."

"Ya matete?"

"Ya matete."

Mihayo akaegemeza kichwa. Nyemo alimsubiri apige kelele. Alitaka kuiona hofu usoni pake, alikuwa ameilipia kwa miguu yake mwenyewe. Badala yake mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyesahihisha kazi na kukuta haina kosa.

"Umejipandisha mpaka ukanifikia. Hesabu nzuri, Mwalimu. Ningekuwa na mhandisi mmoja tu kama wewe Isanzala."

"Usinisifu!" Nyemo alisema, na hapo ndipo aliposikia ulimi wake ukiteleza. "Nyamaza. Huna haki ya kunisifu."

"Sinyamazi, tumekatazwa. Unafanya kwa ajili ya Sechelela."

"Usimtaje."

"Nimemtaja kila siku tangu—"

Moyo wa Nyemo ukaruka pigo moja, ukakaa, ukarudi kwa kishindo. Chupa ikamtoka mkononi. Akajaribu kuinua mkono aushike ubavu wa kiti, mkono ukakataa, na king'ora kilichokuwa juu ya fremu kikaanza kulia.

*

Kuruthumu alifika anakimbia. Hakuuliza kitu. Akatoboa kidole cha Nyemo, akakitoboa cha Mihayo, akasoma vipimo, akasoma tena.

"Mwalimu, umefanya nini? Yako imempita mzee. Imempita mbali sana! Umekula nini leo?"

"Hajala," alisema Mihayo. "Wanakuja na njaa tangu walipoanzisha mila yao hiyo ya kula kwetu."

Hapo Nyemo akalielewa kosa lake, na hata katika hali ile lilimkasirisha kama mwalimu. Potasiamu nyingi ya mwili haikai kwenye damu. Hukaa ndani ya seli, imefungiwa humo na utando wa kila seli. Mtu akila, insulini hutoka, na insulini huzichochea pampu za seli ziivute potasiamu kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani. Yeye hakuwa amekula chochote tangu jana. Insulini yake ilikuwa kidogo, pampu zikazembea, na chumvi yote ya majivu ikabaki inazunguka kwenye damu haina pa kuingia. Alikuwa amelifundisha hilo mara nyingi ubaoni. Alitaka kulingana na Mihayo, na sasa alikuwa amempita. Potasiamu sasa ilikuwa inavuka kwa kasi, ila ilikuwa inatoka kwake kwenda kwa mzee.

Kuruthumu akanyoosha mkono kwenye kibano. "Nafunga. Tukiacha, mzee anakufa."

Mkono mkubwa wa Mihayo ukakifunika kibano.

"Acha wazi."

"Mzee, toa mkono!"

"Ukifunga, atabaki nayo yote peke yake. Moyo wake umeshaanza, umeuona. Acha ivuke. Mimi nina nafasi kidogo bado, iache ije kwangu mpaka yeye ashuke." Akamgeukia Nyemo. Macho yalikuwa yamejaa maji, na usoni alikuwa na furaha, furaha kabisa, kama mtu aliyeambiwa aende nyumbani. "Mtani, nikubebee. Sisi ndio wapagazi. Nikubebee huu mmoja, tuwe sawa mimi na wewe."

Nyemo alimwangalia. Alikuwa akimtazama kutoka mbali, taa za ukumbi zilikuwa zimeanza kuwa na weusi pembeni, lakini alimwona vizuri kuliko siku zote. Alikuwa anapata alichokitaka. Mihayo angekufa hapo alipokaa, leo, kwa potasiamu ya majivu, na Nyemo angeishi. Hakuna aliyemzuia. Ilimbidi tu asifanye chochote.

Na kesho mji mzima ungesema nini? Ungesema mzee alimwokoa Mama Seche. Watani wangelala kaburini kwake wakamwiga akisema acha wazi. Waliofiwa na watoto wao Isanzala wangekuja na ubani. Mihayo angelipa deni lake lote kwa asubuhi moja, tena kwa kutumia mwili wa Nyemo, na angeingia ardhini mwepesi. Nyemo angebaki juu, mzima, akiwa na uhai aliopewa na mtu huyu, wa kupumua kila siku mpaka afe. Hasira iliyompanda hapo ilikuwa kubwa kuliko ile ya msibani, kuliko ile ya siku ya tume. Ndiyo iliyouamsha mkono wake.

Aliuinua. Aliuweka juu ya vidole vya Mihayo, akaving'oa kimojakimoja kutoka kwenye kibano, na mzee, aliyekuwa na nguvu za kumzuia, alishangaa mno hata akasahau kumzuia.

"Hatutakuwa sawa," alisema Nyemo, akafunga.

Damu zikasimama ndani ya kioo. Kuruthumu hakusubiri kuelezwa. Akamchoma Nyemo kalsiamu ya kuulinda moyo, akamfungulia dripu ya sukari, akaingiza insulini. Moyo uliruka tena, ukaruka mara nyingine, na ukakaa kwa muda ambao Kuruthumu aliapa baadaye kwamba hakupumua. Kisha ukashika njia. Kidogokidogo, ndani ya mwili wa Nyemo, kwenye nyama za mapaja na mikono, kwenye ini, pampu za seli zikaamka, na potasiamu ikaanza kuingia ndani ilikopaswa kukaa.

*

Mchana ulipopinduka, Nyemo aliweza kukaa wima. Kiti cha pili kilikuwa bado na mtu. Mihayo alikuwa amekataa kuondoka, au pengine hakuwa na miguu ya kuondokea.

"Kwa nini ulifunga?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa.

"Kwa sababu ulitaka kiachwe wazi."

Kuruthumu alikuwa amesimama kati yao, mikono kiunoni, naye ana hasira yake mwenyewe. "Mimi ninyi sijui niwafanye nini," alisema. "Nikiripoti, Mwalimu, hutakaa kwenye utando tena, na utakwenda jela. Na wewe mzee hutapata mtani mwingine. Utando mpya hauoti kabla hujafa. Nisiporipoti, nami ni mshenzi kama ninyi."

"Ripoti," alisema Mihayo upesi. "Ndiyo haki. Niache nikapumzike."

Nyemo akamgeukia Kuruthumu. "Nitakwenda mwenyewe barazani nikaseme. Nitawaambia wanifunge wanavyotaka, ila siku za utando wanilete hapa. Niwekee mlinzi, nipime kila ukipenda, nile mbele yako. Sitatia kitu tena kwenye damu yangu. Nitamsafisha huyu mpaka awe na figo kama za mtoto."

"Utasema hivyo leo," alisema Kuruthumu.

"Nipime sasa."

Kuruthumu alisita. Akachukua tone la Nyemo, akalisoma, akachukua la Mihayo. Ya Nyemo ilikuwa imeshuka vizuri, na ya Mihayo ilikuwa juu kabisa. Kati yao palikuwa na mteremko mkali kuliko siku yoyote. Akamwangalia mwanamke huyu kwa muda mrefu, akamletea mkate na chai ya sukari, akasimama akahakikisha amemeza vyote.

"Usifungue," Mihayo alimwomba Kuruthumu. "Mwanangu, tafadhali. Sitaki."

"Mgonjwa huwa haulizwi," alijibu Kuruthumu, akafungua kibano.

Damu zikaanza kupanda na kushuka. Haikuchukua muda, mguu wa Mihayo ukatikisika, na Nyemo akajua ganzi imeanza kumtoka. Aliisikia kazi ya figo zake mwenyewe, au alidhani anaisikia, zikipokea uchafu wa mtu huyu na kuutupa nje, bila kuchoka na bila kumsamehe. Angeweza kufanya hivi kwa miaka. Mzee huyu alikuwa na kifua kipana, na ukoo wao huishi sana.

Akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Mimba ya Sechelela ilinisumbua tangu mwezi wa kwanza," alianza. "Nilikuwa nakula udongo wa kichuguu. Baba yake alikuwa hajui, alidhani nina wazimu. Siku ya uchungu mvua ilinyesha mpaka barabara ya hospitali ikakatika, nikazalia kwenye ghala la mahindi, mkunga akiwa na tochi mdomoni. Alitoka miguu kwanza. Alilia kwa sauti nzito, mkunga akasema ni dume, akamgeuza, akacheka."

Mihayo alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakashuka kwenye masikio, na mikono yake ilikuwa imefungwa na mirija, haikuweza kuyafuta wala kuyaziba masikio hayo.

"Fumbua macho, mtani," alisema Nyemo. "Ndiyo kwanza amezaliwa."